Klavye za Katoni

Mimi ni mtu wa kelele, nalisema mapema ili mtu asije akashangaa baadaye. Nimezaliwa Buyenzi, mtaa ambao mafundi wa magari wanaanza kugonga bati asubuhi na mapema, na muadhini, na akina mama, na redio za madukani, wote wanataka wasikike kwa wakati mmoja. Kwetu mtu akinyamaza anaulizwa anaumwa wapi. Kisha nikaolewa na mwanamume aliyejenga nyumba Carama, kule kaskazini ambako nyumba za mji zinaisha na mashamba yanaanza. Akafa, Mungu amrehemu, akaniacha huko na nyumba yenye vyumba vingi kuliko watu.

Watoto wangu wako nje, kila mmoja na nchi yake. Wananipigia simu, wananiuliza nimekula nini, nami nawadanganya. Ramadhani ndiyo inayoniumiza zaidi. Mkono wangu umezoea kupika uji wa ukoo mzima, haujui kupunguza, basi nafuturu peke yangu mbele ya sufuria iliyojaa mpaka ukingoni, na kesho yake namwaga. Majirani ni watu wema, tunasalimiana vizuri kwa Kirundi, lakini hatuvuki salamu. Nilikuwa mpweke, na bado ni mpweke, sitaki kulizungushia maneno.

Shule niliyofundisha ilikuwa mwendo mfupi kutoka kwangu. Kwa kuwa madarasa hayatoshi, watoto waligawanywa, kuna wa asubuhi na wa mchana. Wa asubuhi wanasoma mpaka saa sita, wanatoka, na wa mchana wanaingia kwenye madawati yale yale. Kwa maandishi ilikuwa shule moja. Kwa kweli zilikuwa mbili. Wa asubuhi wengi walikuwa watoto wa watumishi wa serikali na wafanyabiashara, ambao wazazi wao waliwahi kuandikisha na wanajua jinsi ya kuongea na direkta, mkuu wa shule. Wa mchana walikuwa watoto wa pembeni, waliolima na mama zao asubuhi ndipo wakaja shuleni na udongo katikati ya vidole vya miguu. Mimi nilipewa hao wa mchana. Walimu wenzangu waliniita Mswahili, huku wakicheka, na hapa kwetu neno hilo lina maana yake: mtu wa maneno mengi, usimwamini sana. Mwanzoni nilicheka nao. Baadaye nikawa nakunywa chai yangu kwenye korido.

Siku moja lori likaleta kompyuta, zawadi ya wafadhili. Sisi tulizoea kuziita mashini tu. Direkta akazipanga katika chumba chenye nondo madirishani, akawaomba akina mama wa kamati ya wazazi wazishonee vitambaa vya kroshe, vyeupe, vile vile tunavyofunika televisheni sebuleni ili vumbi lisiingie na wageni waone kwamba nyumba hii inajua kutunza vitu. Wallahi vilikuwa vitambaa vizuri. Kila mashini na kitambaa chake, na maua pembeni. Watoto wa asubuhi wakaanza kuingia kwa zamu, wanavua viatu mlangoni. Wangu waliingia siku ya sherehe ya kupokea zawadi tu. Waliimba, wakapiga makofi, wakatolewa.

Nikaenda kwa direkta. Ni mtu mpole, hapandishi sauti hata ukimkanyaga, na hilo ndilo lililokuwa linanichoma.

"Bwana Direkta, watoto wangu wataingia lini?"

"Madamu, mchana umeme unakatika. We mwenyewe unajua."

"Haukatiki kila siku."

"Na tena wana matope. Kikiharibika kitu kimoja, nani atatuletea kingine?"

"Matope yanaoshwa!"

"Tutaona, Madamu."

Kwa direkta wetu "tutaona" ni kusema apana bila kusumbuka. Nilirudi tena, na tena, mpaka mlinzi wa getini akawa ananipa pole kabla sijaingia ofisini. Na wakati huo huo programu ya wizara inadai somo la informatiki, yaani la kompyuta, kwa wote. Kwenye karatasi ya matokeo kuna nafasi ya maksi, na mtoto wa mchana anatakiwa awe na maksi kama mwenzake. Maksi za nini, jamani? Za kuimba siku ile ya sherehe?

Basi nikakusanya makatoni ya sabuni na ya nyanya za kopo kwa wenye maduka. Nikayakata kwa kisu cha jikoni, nikachora juu yake klavye nzima, ule ubao wa herufi wa mashini, kwa kalamu ya biki, kila kibonyezo mahali pake, kama zilivyopangwa zile za Kifaransa zinazoanza na A na Z. Kila mtoto na katoni yake. Walimu walipoona, walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Mimi nikaendelea kukata.

Sasa, utafundishaje mtu kuandika kwenye kitu kisichoandika? Ukibonyeza herufi mbaya, katoni haikuambii. Nikakumbuka chuo. Nikiwa mdogo Buyenzi tulisoma Kurani tumekaa kwenye mkeka, kila mtoto na ubao wake wa mti, wote tunasoma kwa sauti, kila mmoja na mahali pake. Maalim alifumba macho. Hakuwa na haja ya kuangalia ubao wako, alikusikia ukikosea hata katikati ya makelele yote yale, na fimbo ikakufikia. Mimi fimbo sikuitumia, lakini sikio nililitumia. Kila mtoto akibonyeza lazima aitamke herufi. Nikisoma "shule", wao wanabonyeza huku wanaita, moja moja, na anayeita sawa huku kidole kimekwenda kwingine jirani yake anamshtaki papo hapo. Darasa langu likawa soko. Nilipita kati ya madawati nikiwa na raha ambayo sikuwa nayo mahali pengine popote katika mji huu.

Kulikuwa na msichana mmoja, mrefu, aliyekaa nyuma kwa sababu ya urefu wake. Alikuwa amepoteza miaka kwa kumsaidia mama yake katika mpunga, kwa hiyo alikuwa mkubwa kuliko wenzake na aliona haya kwa hilo. Kwa kawaida alikuwa hasemi kabisa. Lakini mpe katoni! Alikuwa ananitazama usoni, vidole vinakwenda vyenyewe, herufi zinamtoka mdomoni bila kukwama, na sikuwahi kusikia kosa. Nikamwambia awe anakuja kwangu Jumamosi tuongeze mazoezi. Akaja. Alikaa kwenye meza yangu, katoni mbele yake, mimi napika huku namsomea gazeti kutoka jikoni, naye anajibu herufi kwa herufi. Kisha tunakula, na sufuria inaisha. Nilikuwa namngoja Jumamosi tangu Jumatatu, na sioni aibu kusema hivyo.

Mwaka wake wa mwisho, shule moja ya ufundi huko Rohero, katikati ya mji, ikatangaza kwamba itachukua wanafunzi wachache wa informatiki, bure, kwa mtihani. Mtihani wenyewe si wa kalamu. Unapewa maandishi, unayanakili kwenye mashini, muda ukiisha wanaangalia umefika wapi na umekosea wapi. Na nafasi ni ya mwaka ule wa kumaliza tu, ukiikosa hairudi. Direkta akatayarisha majina ya watoto wa asubuhi. Nikamwendea. Nadhani safari hiyo walinisikia mpaka barabarani.

"Sawa, Madamu," akasema mwishowe, akijipangusa paji la uso. "Muweke huyo wako mumoja. Mumoja tu. Na sasa utulie."

Mama wa msichana alikuwa na neno moja tu, nalo alinieleza wazi. Akipita, atakwenda kusoma. Asipopita, anarudi shambani moja kwa moja, kwa sababu mgongo wa mama umechoka na hakuna mtu mwingine. Sikumlaumu. Mtoto mwenyewe aliniambia kwa sauti ya chini, "Madamu, mi sitaki mpunga." Ni hayo tu.

Alikuwa hajawahi kugusa mashini. Hilo lilininyima usingizi. Nikamwomba direkta amwingize chumbani, akasema tutaona. Nikasema basi, Buyenzi ina watu wangu. Binti wa shangazi yangu ana sekretaria kule, kile kiduka cha kuchapia watu barua na kutoa fotokopi. Hatukuwa tumeonana kwa muda mrefu, kwa sababu ndugu zangu hawakupenda niolewe mbali, na mimi nina kiburi changu. Tukaenda kwa miguu, maana petroli ilikuwa imeadimika na mabasi yamelala kwenye foleni ya kituo cha mafuta. Jua lilikuwa kali, na msichana amebeba viatu vyake mkononi ili visichakae.

Ndugu yangu akatupokea vizuri kuliko nilivyostahili. Akanikumbatia, akaniambia nimekonda, akaniuliza kwa nini nakaa porini na watu wapo. Lakini umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na jenereta haina petroli. "Akae tu, dada," akasema. "Azoeshe vidole." Msichana akakaa mbele ya mashini iliyozimwa, akaweka mikono juu ya klavye ya kweli. Akashtuka kidogo kwamba vibonyezo vinazama. Kisha nikamsomea tangazo lililobandikwa ukutani, naye akaanza, kwa sauti yake ile ile, herufi baada ya herufi. Nje fundi anagonga bampa, muuza maandazi anaita wateja, ndugu yangu mwenyewe anagombana na mtu kwenye simu. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Mahali pale kila mtu anasema kazi yake huku anaifanya. Niliona moyo wangu umetulia kabisa. Nilijiambia yuko tayari.

Siku ya mtihani nilimsindikiza mpaka Rohero. Sikuruhusiwa kuingia. Nikasimama ng'ambo ya barabara, kwenye ukuta wa benki, katikati ya watu waliovaa vizuri ambao walinipita bila kuniona. Nikasoma dua zote ninazozijua. Walipoanza kutoka, watoto wetu wa asubuhi walitoka wakichekacheka na kulinganisha walipofika. Yeye alitoka wa mwisho.

"Niambie," nikasema.

Tukatembea mpaka mahali penye kivuli. Kisha akanieleza. Chumba kilikuwa na mashini nyingi na watu wengi, na hakuna hata mmoja aliyetoa sauti. Yeye aliweka vidole akaanza, akitamka pole pole, na herufi zikaanza kutokea pale mbele, zote sahihi. Alinambia alitaka kucheka kwa furaha. Ndipo msimamizi akaja. Alidhani msichana anaongea na jirani yake. Akamwambia kwa Kifaransa anyamaze. Akajaribu kunong'ona. Yule bwana akarudi, akapiga meza kwa kiganja, akasema nikisikia tena unatoka nje.

"Nikafunga mudomo, Madamu," akasema. "Na vidole vikafunga."

"Vilifungaje?"

"Sikujua tena herufi iko wapi. Ninaiona kwenye karatasi, lakini kidole hakiendi. Nikakaa hivyo mpaka wakasema muda umeisha."

Nilitaka kuvuka barabara nikamvunje yule msimamizi. Kweli kabisa, nilianza kwenda, na msichana akanishika kitenge. Alikuwa halii. Mimi ndiye niliyelia, pale Rohero, mbele ya maofisa, na kamasi juu. Alinishika mkono kunivusha kama vile mimi ndiye mtoto.

Wa asubuhi walipita baadhi yao. Yeye hakupita. Shule ile ya ufundi iliandika kwa direkta kwamba mistari ya mwanzo ya msichana huyu haikuwa na kosa hata moja, kisha karatasi ni tupu, na kwamba alionywa mara mbili kwa kutoa sauti. Direkta akaisoma barua hiyo mbele ya walimu wote wakati wa chai, nami nikiwa mlangoni na kikombe changu.

"Mutoto wa mchana," akasema, na safari hii hata yeye alitabasamu, "amepelekwa mbele ya mashini, akaanza kuiongelesha."

Loo, walicheka! Na mmoja akasema, "Ndiyo maana tunasema wale bado." Bado! Mtoto amefungiwa mlango, amekatiwa katoni ya sabuni, amefika mpaka Rohero kwa katoni hiyo, na kufeli kwake ndiko kunakuwa ushahidi kwamba mlango ulifungwa kwa haki. Miaka yote katika chumba kile nilikuwa naongea Kifaransa changu cha shule ili wasinicheke. Siku hiyo nilisahau Kifaransa.

"Mnacheka nini?" nikasema kwa Kiswahili, na kikombe nikakiweka chini kabla sijakirusha. "Nyinyi watu wazima, mnacheka nini? Nani kati yenu ameweza kuandika mistari ile bila kosa, hata moja? Na wenu wana mashini kila wiki! Yeye hakuiongelesha. Aliisoma kama nilivyomfundisha, kwa sababu katoni haisemi. Haya, nipeni kitu kinachosema! Nipeni chumba!"

"Umeme, Madamu..." direkta akaanza.

"Tutakaa zikiwa zimezimwa! Nataka wakae mbele yake wajue kunyamaza!"

Mwalimu wa hesabu, mama mmoja mtu wa makamo ambaye hakuwahi kunipa zaidi ya bonjour, akatazama mikono yake. Kisha akasema, bila kupandisha kichwa, "Direkta, mupe ufunguo." Na direkta, ambaye nadhani alichoka na mimi zaidi ya kitu kingine chochote, akaufungua kutoka kwenye mnyororo wake akauweka mezani. Sikumshukuru. Wala yule mwalimu wa hesabu hatukuwa marafiki baadaye, nisije nikadanganya. Chai niliendelea kunywa kwenye korido.

Wa mchana wakaingia. Waliosha miguu bombani kabla, bila kuambiwa, mpaka maji yakafanya ziwa mlangoni. Nikavua vile vitambaa kimoja kimoja nikavikunja, nikaviweka kabatini. Umeme mara upo, mara haupo. Tukajifunza upya, safari hii midomo imefungwa. Jamani, ilikuwa kazi! Wengine walijibana midomo kwa vidole, halafu wakakosa vidole vya kuandikia. Wengine walitikisa vichwa kwa kila herufi. Mmoja alilia. Mimi mtu wa kelele nikawa natembea kati yao nikisema, "Shii, shii," nikasikia vibonyezo tu vinalia taratibu chumba kizima. Wiki kwa wiki, wakaweza.

Msichana wangu hakuwepo. Jumamosi hakuja tena mtu kwangu, na sufuria ikarudi kuwa kubwa. Nilingoja, nikajiambia ana haya, atazoea, atakuja. Hakuja. Mwishowe nikafunga kitenge nikamfuata.

Nilimkuta mpungani, chini ya Carama, amesimama kwenye maji mpaka vigimbini, anapalilia. Mama yake alikuwa mbali kidogo, amekaa ukingoni anajinyoosha mgongo, akanipungia mkono. Msichana aliponiona alinyooka, akapangusa mikono kwenye nguo, akanisalimia kwa heshima kama siku zote. Nikamwambia chumba kimefunguliwa. Nikamwambia nimeongea na direkta, hata kama si mwanafunzi tena naweza kumwingiza, akae tu, aguse, umeme ukiwepo. Nilisema mengi. Nilisema nimepika. Nilisema Jumamosi hii, njoo, hata bila somo, uje tu tule.

"Jumamosi tuko huku, Madamu."

"Basi Jumapili."

"Jumapili pia. Mupunga haungoji."

Yeye alitazama chini kwenye maji, akang'oa jani moja, akalishika. Nilidhani amemaliza, nikaanza kugeuka.

"Madamu."

"Naam, mwanangu."

"Wale wengine umewafundisha kunyamaza?"

"Nimewafundisha."

"Wanaweza?"

"Wanaweza."

"Basi ni vizuri," akasema, akainama tena kwenye mpunga.